Fuwele za nano zinazotoa mwanga bila sumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita hapa Dar es Salaam, na Jumamosi huwa nashinda kwenye banda la binamu yangu, fundi wa runinga, Kariakoo. Maswali yaliyomo humu yametoka sehemu hizo mbili, darasani na bandani. Nimeanza na mepesi. Jibu likiwa limeshatolewa kwingine nimetaja namba ya swali, ukasome huko.

## Ya msingi

1. Fuwele za nano zinazotoa mwanga ni kitu gani hasa?

Ni vipande vidogo mno vya semikondakta, yaani vitu vya jamii ya silikoni ambavyo havipitishi umeme kama shaba wala haviuzuii kama plastiki. Kipande kimoja kina upana wa nanomita 2 hadi 10. Unywele wa mtu una upana wa nanomita kama 80,000, kwa hiyo darubini ya maabara ya shule haifui dafu hapa. Atomi zake ni mamia hadi makumi ya maelfu, zimejipanga kwa safu kama matofali ya fundi makini.

Wataalamu huziita pia nukta za kwantamu, na humu nitatumia majina yote mawili. Ukizimulika kwa mwanga wa bluu au kwa miale ya urujuanimno, zinaumeza mwanga huo na kuutoa tena ukiwa na rangi nyingine. Zikipangwa kwa ustadi kati ya tabaka mbili zinazopitisha umeme, zinawaka zenyewe.

2. Inakuwaje ukubwa ubadili rangi?

Aliyewahi kukaa karibu na ngoma ataelewa haraka. Chapuo ni ngoma ndogo, hutoa sauti kali. Msondo ni ngoma ndefu, hutoa sauti nzito. Elektroni iliyobanwa ndani ya fuwele ina tabia ya wimbi, na wimbi likibanwa kwenye nafasi finyu linapata nishati kubwa zaidi. Nishati kubwa iko upande wa bluu, ndogo iko upande wa nyekundu. Kwa kadimiamu selenaidi (semikondakta ya swali la 5), fuwele ya nanomita 2 hivi hutoa bluu, ya nanomita 6 hivi hutoa nyekundu, na katikati yake zimo kijani, manjano na rangi ya chungwa.

Nikiwaonyesha wanafunzi picha ya chupa zake zimepangwa mstari zinang'aa, lazima atokee wa kuuliza ni rangi gani imetiwa. Hakuna rangi iliyotiwa. Kemikali ni ileile katika chupa zote, kilichotofautiana ni kimo cha fuwele.

3. Nani waliozigundua?

Alexei Ekimov aliziona mwanzoni mwa miaka ya 1980 kule Muungano wa Kisovieti, ndani ya vioo vilivyotiwa kloridi ya shaba. Louis Brus, akiwa Bell Labs nchini Marekani, alizikuta mwaka 1983 zikielea kwenye kimiminika. Mwaka 1993 Moungi Bawendi na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walipata njia ya kuzipika zikatoka zinalingana kimo: kemikali zinadungwa ghafla ndani ya kiyeyushi cha moto sana, mbegu za fuwele zinazaliwa zote kwa pamoja, kisha zinakuzwa taratibu. Watatu hao waligawana Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023.

4. Taa za LED tunazo tayari. Hizi za nini tena?

Chukua balbu ya LED iliyokufa ung'oe kifuniko chake cheupe. Ndani utakuta vidude vya mraba vya rangi ya manjano. Hapo hapana kidude kinachotoa mwanga mweupe. Chini ya ule ute wa manjano kuna LED ya bluu. Unga wa manjano unageuza sehemu ya bluu hiyo, na jicho likipokea bluu na manjano kwa pamoja linasema nyeupe. Tatizo ni kwamba mchanganyiko huo ni maskini wa nyekundu.

Nenda duka lolote la vitenge Kariakoo uone. Mama anashika kitambaa, anakigeuza chini ya taa, halafu anakibeba hadi mlangoni akikague kwa jua. Muuzaji hamkatazi, anajua. Nyekundu na hudhurungi ndani ya duka hazisemi ukweli.

Zipo unga za nyekundu za kuongezea, lakini nyingi humwaga mwanga kwa upana hadi kupita nanomita 650, ambako jicho la binadamu karibu halioni kitu. Umeme umelipiwa, mwanga haukuonekana. Nukta za kwantamu hutoa nyekundu nyembamba, pale pale inapotakiwa. Kwenye skrini faida ni hiyohiyo: kijani na nyekundu safi zinapanua idadi ya rangi ambazo runinga inaweza kuzichora.

## Sumu

5. Sumu inayozungumzwa ni ipi?

Metali ya kadimiamu, na kwa jamii nyingine ya fuwele, metali ya risasi (tazama swali la 12). Fuwele za kwanza kufanya kazi vizuri zilikuwa za kadimiamu selenaidi, na hadi leo ndizo kipimo ambacho nyingine zote hulinganishwa nacho.

Kadimiamu ikiingia mwilini hukaa kwenye figo kwa miaka kumi, ishirini na zaidi. Inaharibu figo, inadhoofisha mifupa, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kule Toyama, Japani, maji ya mto Jinzu yaliyochafuliwa na mgodi yalimwagilia mashamba ya mpunga, na waliokula mchele ule mifupa yao ikawa inavunjika kwa kugeuka tu kitandani. Ugonjwa ukaitwa itai-itai, maana yake "inauma, inauma". Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kadimiamu kwenye vifaa vya umeme kuwa asilimia 0.01 ya uzito wa kila malighafi iliyomo, huku risasi ikiruhusiwa hadi asilimia 0.1.

6. Je, nikiangalia runinga yenye kadimiamu nadhurika?

Hapana. Fuwele zimezikwa ndani ya karatasi ya plastiki, na karatasi yenyewe imefunikwa pande zote mbili. Hakuna mvuke unaotoka ukiwa umekaa sebuleni. Watoto wako hawadhuriki kwa kuangalia katuni.

7. Basi kwa nini watu wanahangaika kutafuta zisizo na sumu?

Kwa sababu runinga haibaki sebuleni. Ina mwanzo kiwandani, ambako kuna watu wanaopima kemikali hizo kila siku, na ina mwisho. Mwisho wake hapa kwetu naujua.

Nikiwa na miaka kumi na mmoja hivi, tulikuwa tukiokota mirija ya taa iliyotupwa nyuma ya jengo moja la ofisi na kuipigisha ukutani. Ilikuwa ikipasuka kwa mlio mzuri, na moshi mweupe ukitoka tunashangilia. Ule moshi ulikuwa unga wa ndani ya mrija, na pamoja nao zebaki. Hakuna aliyetuambia, si mlinzi wala wazazi, kwa kuwa nao hawakuambiwa. Nina uchungu na jambo hilo mpaka leo, na ndiyo sababu naandika haya.

Sasa angalia vijana wanaochoma nyaya ili wapate shaba. Kinachowekwa kwenye moto si nyaya peke yake; plastiki za kila aina zinaingia humohumo, na karatasi za runinga zimo. Plastiki iliyokuwa inaifungia kadimiamu ndiyo ya kwanza kuungua. Nchi yenye mitambo ya kurejeleza taka inaweza kusema sumu imefungwa vizuri ndani ya kifaa. Mji ambao kifaa kinafunguliwa kwa jiwe na moto unahitaji kifaa kisicho na sumu tangu kiwandani.

8. "Bila kadimiamu" maana yake ni salama kabisa?

La. Hili nalisisitiza kwa sababu wauzaji wanalirahisisha mno. Mbadala mkuu ni indiamu fosfaidi, na mwaka 2006 shirika lile la saratani nililolitaja kwenye swali la 5 liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea sana vinasababisha saratani kwa binadamu. Msingi wake ulikuwa majaribio ya panya waliovuta vumbi lake. Vumbi la kuvuta kiwandani si sawa na punje zilizovikwa ganda la zinki na kuzikwa kwenye plastiki, lakini mfanyakazi wa kiwandani naye ana mapafu.

Ninavyopima mimi: indiamu fosfaidi ni afadhali ya wazi kuliko kadimiamu, hasa kwa udongo, maji na chakula. Ila neno "isiyo na sumu" lisomwe kama safari ambayo bado inaendelea.

## Zinazochukua nafasi

9. Mbona imechukua miaka mingi kuiondoa kadimiamu? Si wangebadilisha kemikali tu?

Wangeweza kama zote zingekuwa na tabia moja. Indiamu fosfaidi ni mkaidi, na ukaidi wake una sehemu kadhaa.

Kwanza ni upikaji. Kadimiamu selenaidi inakua taratibu, mpishi ana nafasi ya kusimamisha moto kimo kikifika. Kwa indiamu, kemikali iliyozoeleka ya kuleta fosforasi ina haraka kupita kiasi: inaisha yote mwanzoni, punje zinakosa chakula cha kukulia sawasawa, na mwisho unapata mchanganyiko wa ndogo na kubwa. Kumbuka swali la 2, kimo tofauti ni rangi tofauti. Badala ya kijani safi unapata kijani iliyomwagika. Kemikali hiyo pia huwaka moto yenyewe ikigusa hewa, hivyo kazi yote hufanyika ndani ya naitrojeni. Tangu katikati ya miaka ya 2010 wengi wamehamia kwenye fosforasi iliyofungwa na amini, ambayo ni rahisi kununua na haiwaki ovyo.

Pili ni kutu. Uso wa indiamu fosfaidi hushika oksijeni upesi, na kila doa la oksidi ni shimo ambalo nishati ya elektroni inazamia ikawa joto badala ya mwanga. Dawa iliyofanya kazi vizuri ni kuusafisha uso kwa haidrojeni floraidi. Hiyo ni kemikali inayokula kioo na kupenya ngozi hadi kwenye mfupa. Yaani ili kupata taa isiyo na sumu, mtu maabara ameshika sumu kali sana. Nalitaja ili pasiwe na anayedhani kazi hii ni nyepesi.

Tatu ni ganda. Fuwele tupu haing'ai vizuri, lazima ivikwe. Zinki salfaidi ni ganda imara, ila nafasi kati ya atomi zake ni finyu kuliko za indiamu fosfaidi kwa karibu asilimia 8. Ukilivisha moja kwa moja linapasuka, kama plasta iliyopigwa juu ya ukuta unaotembea. Suluhisho ni kuweka zinki selenaidi katikati, yenye vipimo vya kati kwa kati, kisha zinki salfaidi juu. Ganda la katikati likinenepeshwa na punje ikitoka mviringo mzuri, mwanga unaongezeka.

Mwaka 2019 watafiti wa Samsung walichapisha kwenye jarida la Nature LED nyekundu ya aina hii yenye ufanisi wa nje wa asilimia 21.4, maana yake kati ya elektroni 100 zilizoingia, fotoni (chembe za mwanga) zaidi ya 21 zilitoka nje ya kifaa. Hapo ndipo wengi walipokubali kwamba kadimiamu ina mpinzani.

10. Na bluu?

Bluu ni tabu kwa indiamu fosfaidi kwa sababu punje ingelazimika kuwa ndogo kiasi cha kutokuwa imara. Wakageukia zinki, teluriamu na seleniamu. Mwaka 2020 kundi lilelile lilifikia ufanisi wa asilimia 20.2 kwa bluu. Kinachosumbua bado ni uhai wake. Bluu ina nishati kubwa, inajichosha upesi, na hii ndiyo sababu kubwa kwamba runinga ambayo nukta zake zinawashwa na umeme moja kwa moja haijafika madukani.

11. Silikoni je? Kaboni? Nasikia hizo ndizo safi kabisa.

Silikoni haina sumu na imejaa kila mahali. Kwa kawaida haipendi kutoa mwanga, lakini mwaka 1990 Leigh Canham alionyesha kwamba silikoni yenye vitundu vya nano inang'aa nyekundu. Ubaya wake ni mwanga mpana, na bluu yake ni shida.

Nukta za kaboni zilionekana mwaka 2004, kwa bahati, watu wakisafisha masizi. Ni rahisi na salama, ila rangi zake pia ni pana mno kwa skrini (na tazama swali la 17).

Shaba indiamu salfaidi ni pana vilevile, na hapo mimi naona fursa. Skrini inataka rangi nyembamba. Taa ya sebuleni na ya dukani haihitaji hivyo. Kwa yule mama wa vitenge, upana ni heri.

12. Na zile za perovskaiti?

Ni ile jamii nyingine ya fuwele niliyoigusa kwenye swali la 5. Zilitikisa fani mwaka 2015, kundi la Maksym Kovalenko kule Zurich lilipopika fuwele za siziamu, risasi na bromini zinazong'aa sana bila hata kuhitaji ganda. Tatizo ni risasi, tena risasi iliyo katika chumvi inayoyeyuka na unyevu. Risasi tunaijua Dar: ni ile ya betri chakavu za magari, inayodumaza akili za watoto.

Bati linajaribiwa badala yake, lakini huoza likiguswa na hewa. Njia nyingine ni perovskaiti maradufu ya siziamu, fedha, sodiamu na indiamu; mwaka 2018 ilitoa mwanga mweupe wenye umanjano kwa ufanisi wa karibu asilimia 86. Kwa taa inavutia. Kwa skrini, bado.

## Dukani na kwa fundi

13. Boksi limeandikwa QLED. Ndiyo nukta hizo zinawaka?

Haziwaki zenyewe. Ni runinga ya LCD ya kawaida ambayo nyuma yake kuna LED za bluu na karatasi yenye nukta za kijani na nyekundu. Zile zinazoitwa QD-OLED, zilizoingia sokoni 2022, zinatumia OLED ya bluu (tabaka la kemikali za kaboni linalowaka lenyewe likipata umeme) na nukta za kuigeuza. Katika zote mbili nukta zinameza bluu na kutoa rangi nyingine.

14. Runinga yangu imegeuka bluu. Nukta zimekufa?

Karibu kila wiki mtu anafika bandani na hili. Mara nyingi runinga yake haina nukta hata moja. Ni ile LED ya swali la 4: unga wa manjano umepasuka au kuungua kwa joto, bluu ya chini yake ikabaki uchi. Ubadilishaji wa taa za nyuma unatosha, na ukishusha mwanga wa skrini mapema inachelewa kutokea.

15. Fundi kaweka taa mpya, sasa picha nzima ina manjano.

Hapo kuna uwezekano mkubwa runinga yako ni ya nukta. Taa zake za asili zilikuwa bluu tupu, akafunga nyeupe akidhani anasaidia. Mwanga mweupe ukipita kwenye karatasi ya nukta, bluu kidogo iliyomo inamezwa na kinachobaki ni kijani na nyekundu. Mwambie kwa upole, "Fundi, hii inataka taa za bluu." Na ile karatasi asiitupe wala asiikate kingo: unyevu huingilia hapo pa kukatwa na rangi huanza kufa kutoka pembeni.

16. Nitajuaje kama ninayonunua haina kadimiamu?

Nyaraka za mtengenezaji ndizo za kuangalia. Samsung wametumia zisizo na kadimiamu tangu 2015, huku baadhi ya runinga za Sony za mwaka 2013 zikiwa na nukta za kadimiamu. Alama ya kukidhi masharti ya Ulaya pekee haitoshi, kwani skrini zilipewa msamaha wa muda. Mtumba wa tangu mwaka 2013 ndio wa kuulizia zaidi.

Na tusisahau runinga ya chogo. Kioo chake kina risasi nyingi, mara nyingi zaidi ya kilo moja kwa runinga moja. Ukiwa nayo stoo, hiyo ndiyo ya kuihofia kuliko QLED yoyote.

## Maswali ya pembeni

17. Ni kweli naweza kutengeneza nukta za kaboni jikoni?

Karibu kweli. Juisi ya ndimu ikichemshwa hadi ikauke na kugeuka hudhurungi, ikachanganywa na maji na kuchujwa, ukiimulika gizani kwa tochi ya urujuanimno, ile wakala wa pesa anayokagulia noti, inang'aa bluu hafifu. Darasa langu huwa kimya kabisa wakati huo. Tumia sufuria usiyopikia chakula, fungua madirisha.

Nasema "karibu" kwa sababu kung'aa si ushahidi tosha. Asidi ya ndimu ikipikwa na urea, kwa mfano, huzaa pia molekuli za kawaida zinazong'aa bluu bila kuwa fuwele. Watafiti wenyewe wamebishana sana juu ya hili, na zipo kazi zilizolazimika kurudiwa baada ya kusafishwa vizuri.

18. Joto na unyevu wa Dar vinaziharibu?

Vinaweza. Maadui wao ni oksijeni, maji na joto, na sisi tunavyo vyote, chumvi ya bahari ikiwa nyongeza. Ganda nene na karatasi iliyofungwa vizuri ndivyo vinavyowalinda. Acha nafasi ya hewa nyuma ya runinga, usiibandike kwenye ukuta unaopigwa jua la mchana.

19. Kazi hii inaweza kufanyika hapa nchini?

Kemia na fizikia yake zinafundishika kwetu, na upimaji wa mwanga hauhitaji kifaa kikubwa. Ugumu uko kwenye naitrojeni safi, kemikali za kuagizwa, na umeme. Ukiwa kwenye nyuzi karibu 300 na umeme ukakatika, kikorogeo kinasimama, joto linashuka bila mpango, na mzigo mzima unatoka na vimo vya kila aina. Mwanafunzi anayetaka kuanza, aanze na kaboni na shaba indiamu salfaidi. Hizo zinavumilia.

20. Skrini imevunjika. Nifanye nini na vipande?

Vaa glavu, lowesha kitambaa ufute badala ya kufagia, usipulize vumbi. Karatasi za plastiki za nyuma zikunje pamoja ndani ya mfuko mmoja, uzifunge. Usizichome, na usimpe mtoto achezee ile inayong'aa, maana ni nzuri na ataitaka. Mpe fundi au mnunuzi wa taka za kielektroniki mwenye kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira, na umwambie kilichomo kabla hajaanza kufungua.